Kamongo Aliyeitwa Ng'ombe

Ipo siku moja, mwanangu Olivier, ambayo sijawahi kukusimulia, na nilikuwa nimekusudia kufa nayo kwa ajili ya heshima ya babu yako. Lakini juzi ulinipigia simu unacheka, ukaniambia unahama Rebero, na wale samaki wa mapambo ulioachiwa na bosi wako wa Kiyovu aliporudi kwao utawateremsha bondeni Jumamosi, ukawaachie kwenye kijito. "Wakajitafutie maisha, Shangazi," ukasema. Mimi sikucheka. Nilisingizia chai inachemka nikakata simu, na siku ile chakula hakikupita. Leo umekuja mwenyewe, basi kaa kitako, na hiyo simu iweke huko. Unajua nyumbani kwetu Kinyarwanda ni cha kupokelea wageni. Tukitaka kusemana tunarudi kwenye Kiswahili chetu cha Karagwe. Leo ni Kiswahili.

Nilikuwa msichana wa kuolewa. Tulikuwa tumerudi Rwanda karibuni, baada ya babu yako kukaa ugenini Tanzania tangu ujana wake. Tulipanga mjini, mtaa wa Rwezamenyo, katikati ya Waislamu wenye maduka madogo, watu waliotupenda bure. Lakini kabla ya kupata chumba, majuma ya mwanzo kabisa, tulilala kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Veneranda, bondeni huko huko chini ya Rebero, wakati ule kukiwa bado mashamba ya viazi. Alikuwa jirani wa babu yako toka utotoni. Alitupokea na mikeka yetu, akatulisha, na hakuuliza hata mara moja tutaondoka lini. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki na watoto wa dada yake na bwawa la samaki alilochimba marehemu mumewe. Mengine hatukumuuliza, na wewe usiniulize.

Bwawa lile lilikuwa la tilapia. Ndilo lililomnunulia chumvi na sabuni, ndilo lililowapeleka wale watoto shule. Kila asubuhi alisimama ukingoni na pumba mkononi, anawaita samaki kama mtu anayeita kuku, nao wanakuja juu. Nilikuwa nikimwona hivyo nasema moyoni, huyu mama hilo bwawa likimpotea naye atapotea.

Sasa sikiliza. Kwa desturi yetu, mtu aliyekufanyia wema wa namna hiyo hashukuriwi kwa mdomo tu. Unampa ng'ombe, na ng'ombe anazaa, na kila ndama anayezaliwa anasema jina lako. Babu yako hakuwa na ng'ombe hata wa kuchora ukutani. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Alikuwa akikaa mlangoni pale Rwezamenyo na fimbo yake ya kuchungia, fimbo isiyo na cha kuchunga, na ukimsemesha anakujibu ovyo.

Na kuna kitu kingine. Zamani kwao babu yako samaki hakuwa chakula cha wafugaji, wanywa maziwa. Wazee wale walikuwa wakisikia harufu ya samaki wanaziba pua. Ni ugenini ndiko alikojifunza kula, na alipojifunza akapenda, na aliyempenda kuliko wote ni kamongo. Wewe humjui. Ni samaki mrefu, mnene, mweusi mweusi, mwenye vitu vinne vinavyoning'inia kama mikia ya panya badala ya mapezi. Anavuta hewa kama mimi na wewe. Ukimfunga kwenye gunia lililoloa atasafiri siku nzima juu ya lori na atafika anakukodolea macho.

Ndivyo walivyofika. Rafiki wa babu yako, dereva wa lori, alimletea kutoka kule tulikotoka kamongo wazima, dume na jike, kwa maneno yake mwenyewe. Sisi tukadhani tutakula. Babu yako akatukataza hata kufungua gunia. Akaomba pasi kwa jirani, akanyoosha koti lake la kanisani, akaniambia, "Beba gunia, twende kwa Veneranda. Leo nampelekea ng'ombe wake."

Nilielewa tukiwa njiani. Alikuwa anazungumza peke yake, anafurahi, anahesabu vizazi: wataingia bwawani, watazaana, bonde zima litakuwa na kamongo, watu watasema huyu ndiye aliyetuletea. Mimi gunia linanipiga mgongoni, linajikunja na kujikunjua, nami nazidi kubaki nyuma. Kwa sababu mwanangu, kule Karagwe mpasuaji wa samaki nyumbani nilikuwa mimi. Nilijua kamongo ana nini tumboni. Lakini ungemwambiaje baba yako, siku aliyovaa koti?

Tulimkuta Veneranda anapalilia viazi juu kidogo ya bwawa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unateleza. Babu yako hakukaa hata kwenye kigoda. Akasimama akaegemea fimbo, akayasema maneno yote ya kumpa mtu ng'ombe, yale mazito, ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema maana hakuwahi kuwa na wa kumpa. Veneranda akaanza kulia kabla hajajua amepewa nini. Kisha nikafungua mdomo wa gunia, akachungulia, machozi yakakauka pale pale.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Babu yako akamsifia. Na kadiri alivyosifia ndivyo mambo yalivyoharibika. Akasema huyu hafi hovyo. Akasema bwawa likikauka anajizika kwenye tope, anasubiri mvua, anatoka mzima. Akasema akichoka na maji haya anavuka nyasi zilizoloa anatafuta maji mengine. Akasema hakuna samaki wa kumshinda. Alikuwa anasifia kama mtu anavyosifia fahali, na Veneranda alikuwa anasikia habari za mwizi ambaye hafungiki na hafukuziki. Nilimwona akigeuka kutazama bwawa lake, kisha mfereji unaoleta maji, kisha kijito kule chini.

Hakumjibu babu yako. Kumkatalia mtu ng'ombe, Olivier, ni kumwambia uso kwa uso kwamba undugu umekwisha. Watu wamenuniana hadi kaburini kwa hilo. Alijua, na babu yako alijua. Basi akanigeukia mimi. "Binti," akasema, "bila shaka wewe ndiye uliyekuwa ukimpika. Anakula nini?"

Loo, mwanangu. Babu yako alikuwa ananitazama, na macho yake hayakunitisha, yalikuwa yananiomba. Nikisema anakula majani, tungerudi nyumbani kwa furaha na mama yule angebaki na bwawa lililokwisha. Nikisema kweli, nilikuwa namvua baba yangu koti mbele ya mtu aliyemheshimu kuliko wote. Nilitamani ardhi inimeze, nayo haikunimeza, ilikuwa inateleza tu.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Anakula konokono. Na tilapia wadogo. Nikimpasua nawakuta tumboni."

Babu yako alishusha macho akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na nadhani hapo ndipo nililegeza gunia, maana kamongo mmoja alichomoka akaanguka kati ya matuta. Hakubaki pale kugaagaa kama samaki wengine. Aliteremka. Alipita katikati ya viazi, kwenye tope, anafuata maji utadhani ameelekezwa njia.

Nikamrukia. Nikamshika kwa mkono huu wa kulia akageuka akaniuma hapa, chini ya kidole gumba. Meno yale yanavunja magamba ya konokono, sembuse nyama ya msichana. Nikapiga yowe nikamwachia. Akaingia kwenye mfereji. Veneranda alishatupa jembe, akaruka kwenye mfereji mzima mzima, akakaa chini kwenye maji, akatandaza kitenge chake mbele ya mdomo wa bwawa, anapiga tope kwa viganja kuziba pembeni. "Mzuie nyuma!" ananiambia. Maji yalikuwa machafu, hatuoni kitu. Tunasikia tu anagonga kitenge, anarudi, anagonga tena. Damu yangu inachuruzika humo humo. Midomo ya mama yule ilikuwa inasali.

Na babu yako amesimama juu. Hakusogea. Nilimwangalia nikaona mtu ambaye zawadi yake ya kwanza tangu arudi kwao inawindwa kama nyoka, na hajui ashike upande gani. Nilimwogopa, nikamwonea huruma, na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja. Nikaita, "Baba! Atapita!"

Halafu akavua koti. Akalitandika vizuri juu ya tuta, akateremka mferejini na suruali yake ya kanisani, akaingiza mikono kwenye tope pole pole kama anayetafuta ndama tumboni mwa mamaye. Akampata. Akamkandamiza ukingoni kwa goti, akanyoosha mkono nimpe fimbo. Ile ile ya kuchungia. Akampiga kichwani mpaka akatulia, kisha akapanda juu akamfuata yule aliyebaki kwenye gunia naye akammaliza. Alipomaliza alikuwa analia waziwazi, hafichi.

Veneranda alitoka kwenye maji, kitenge kimemganda, akawaokota wale kamongo wote wawili. "Umenipa," akamwambia babu yako. "Nami nimepokea. Njoo ndani." Akawasha moto, akanipa kisu kwa mkono wangu mzima, akaniambia nimwoneshe wanavyopikwa. Yeye aliyelelewa na wale wale wa kuziba pua, ambaye hata tilapia wake alikuwa anawauza tu, mwenyewe hawaonji, alikaa na babu yako wakala sahani moja. Nilimwona anavyomeza kwa shida. Alikula akamaliza.

Tukarudi nyumbani. Nilijua nimemkosa baba. Siku nyingi anapokea chai kwangu bila kunitazama. Mpaka Jumapili moja nasikia majirani wanacheka nje, wanasema, "Jamani, kuna mama anatuingizia pombe mtaani." Nikatoka. Ni Veneranda, na mtungi wa pombe ya ndizi kichwani, amepanda kutoka bondeni kwa miguu mpaka Rwezamenyo. Alikuja kufanya kile ambacho mtu aliyepewa ng'ombe humfanyia aliyempa: kumletea pombe ya shukrani, hadharani, watu wote waone. Akampigia babu yako magoti, akataja kwa sauti mbele ya mtaa mzima kwamba mtu huyu amempa ng'ombe. Babu yako akamwinua. Halafu akaniita, akanipa mimi kunywa kabla yake. Akasema, "Huyu ndiye aliyeliokoa bwawa."

Sasa wewe. Usiniambie wako ni wadogo wa mapambo. Nimewaona. Yule mweusi anayeng'ang'ania kioo kwa mdomo alikuwa saizi ya kidole ulipomleta, leo ni kama kiatu chako. Unamwonea huruma, naelewa, umelelewa vizuri. Lakini huruma yako inaishia kwenye kioo, haijafika kwa wanaokaa kwenye maji yale. Kijito cha bondeni kinaingia mtoni, mto unaingia mwingine, na hakuna mlango utakaoufunga ukijuta. Kuna maziwa hapa hapa nchini ambako wavuvi wanatoa samaki mgeni kila siku, wanamuua, na kesho yupo tena, na hakuna anayemjua wa kwanza aliyemtia. Pengine naye alikuwa mtu mwema aliyevaa koti.

Kwa hiyo Jumamosi hutakwenda bondeni. Tafuta mtu mjini mwenye tangi, umpe. Ukikosa, nenda ofisi ya kilimo na ufugaji ya wilaya uwaulize, hawatakula nyama yako. Ukikosa kabisa, uwaue mwenyewe, upesi, bila kuwatesa, uwafukie chini ya migomba, na kama mkono wako hauwezi niletee mimi. Maji ya tangi nayo umwage kwenye udongo mkavu, usimwage mtaroni, maana mayai huyaoni. Na siku ukiona mvuvi ameshika samaki ambaye wazee wa pale hawamjui, usipige picha ukaondoka. Sema, uliza, peleka habari wangali wachache. Na ukiulizwa jambo mbele ya mkubwa wako, na ukweli unamuumiza, useme kwa sauti ndogo, lakini useme.

Haya, nimemaliza kukusema, njoo nikuwekee mkono. Mungu akutangulie kwenye nyumba mpya, akupe mke mwenye maneno machache na watoto wenye maneno mengi. Akupe vya kuwapa watu, usiwahi kusimama mlangoni mikono mitupu. Na siku utakapopeleka zawadi mbaya kwa moyo mzuri, akupe mtu wa kukukatalia, kisha akuletee mtu huyo mlangoni kwako na mtungi kichwani.