Kiti Kilichotazama Ukuta

Walimwita Mdomo, na wala hakuwa msemaji. Jina alilipata akiwa na miaka ishirini na miwili, alipoajiriwa kuwa mkalimani wa mtafiti aliyekuja kusoma maisha ya watu. Mtafiti mwenyewe alikuwa mama mpole mwenye daftari nene, na kwa kuwa alijitambulisha kama Daktari, wiki ya kwanza yote watu walimpelekea meno mabovu na watoto wenye homa. Mdomo ndiye aliyesimama mlangoni kuwaeleza kwamba huyu ni daktari wa mila. "Kwani mila zinaumwa nini?" akauliza bwana mmoja, shavu limemvimba, na mpaka leo hajajibiwa.

Kazi ilikuwa hivi: Daktari anauliza, Mdomo anauliza upya kwa lugha ya nyumbani, mwenye nyumba anajibu, Mdomo anarudisha jibu. Mtoto wa shangazi mnamwitaje? Baba akifa, jembe linakwenda kwa nani? Kijana alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kilichomshinda ni kuwahoji watu wazima. Mtu aliyelelewa akaleleka atamuulizaje mama wa makamo kwamba yeye na mumewe walikuwa wakilala upande upi wa kitanda? Hapo alikuwa anatoka jasho, na mara nyingine swali alilitafuna kidogo kabla ya kulitoa.

Siku moja wakaenda kwa mjane wa seremala. Chumbani mwake kulikuwa na kiti kimoja kizuri ajabu, lakini kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Daktari akataka kujua kwa nini.

"Alikitengeneza mwenyewe," mjane akasema. "Nikikiona kitupu, pumzi zinanikatika. Nimekigeuza."

Mdomo akatafsiri neno kwa neno. Daktari akainua kalamu: je, wajane wote hufanya hivyo? Na kwa muda gani? Kumbe mjane alishaanza kulia, machozi yanamdondokea viganjani. Mdomo akaona haya. Amuulize nini tena mama wa watu? Basi hakuuliza. Alimgeukia Daktari akajibu mwenyewe: "Wote. Mwaka mzima. Na hakuna anayeruhusiwa kukikalia." Daktari akaandika, wakaaga, wakaondoka. Jambo lenyewe halikuchukua hata dakika.

Miaka miwili baadaye kitabu kilifika kwa posta, na Mdomo wakati huo ndiye aliyekuwa akipanga barua pale posta, kwa hiyo alijipokelea mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, shukrani kwake: bila mdomo wake, kitabu hiki kisingesema kitu. Ukurasa wa sitini na moja, kiti. Alicheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Amwandikie Daktari aseme nini, kwamba aliyemshukuru ni mwongo? Akajisemea, funika kombe mwanaharamu apite. Kitabu akakiweka kwenye kabati la vioo, pale ambapo mgeni akikaa tu lazima akione.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikwenda miaka arobaini na minane! Kitabu kilifasiriwa, kikaingia shuleni. Watoto wakarudi nyumbani wakiuliza wazazi habari za kiti, na nani mzazi atakayekubali kuonekana hajui mila za kwao? "Ndiyo, hata bibi yangu alikigeuza," wakajibu. Mdomo aliendelea kupanga barua, akaoa, akapata binti mmoja, akastaafu. Alipofiwa na mkewe, majirani walikigeuza kiti cha marehemu kabla yeye hajafungua mdomo. Akauacha ulivyofungwa.

Kisha akafa mkwewe, fundi redio. Binti yake alikuwa amejifunza ufundi kwa mumewe, bega kwa bega katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na redio za watu zilikuwa zimejaa rafuni zikisubiri. Ila meza ya kazi ilikuwa ya juu, na kiti kirefu kilikuwa kimoja tu, cha marehemu. Kilikuwa kimegeuzwa ukutani tangu siku ya mazishi. Wiki tatu mama wa watu alifanya kazi kwa kusimama, mgongo unamuuma.

Alipoomba kukikalia, shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuja na kitabu kwapani. Alikuwa mwalimu. "Shemeji, sikukatazi mimi. Mila ndiyo inayokataza. Ukikikalia kabla ya mwaka, umejitoa kwenye ukoo wetu, wewe na wanao. Mwacha mila ni mtumwa."

Binti akamtuma mtu amwite baba yake. Mzee alipofika, hata salamu hazikuwa ndefu. "Baba, wewe ndiye uliyekuwepo kitabu kikiandikwa. Ni kweli hii?"

Mdomo akaomba maji. Akayanywa polepole, yote. Alijua vizuri kilichokuwa mezani: akinyamaza, mwanawe atasimama mwaka mzima au atafukuzwa ukooni, akisema, ule ukurasa wa shukrani umekwisha, na jina alilotembea nalo tangu ujana litakuwa kichekesho. Mdomo huponza kichwa, naye wake ulikuwa umechelewa tu kukiponza.

"Si kweli," akasema. "Niliitunga mimi." Akaeleza yote, mjane, machozi, haya.

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Mzee wangu, msiba umekuchanganya. Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa kwa sababu nilisema."

"Na bibi yangu mzaa baba? Yeye alikigeuza!"

"Ulimwona, au uliambiwa?"

Mwalimu akafunua kurasa. Bibi yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. "Yaani," akasema, "miaka yote hii tunageuza viti vya marehemu wetu kwa sababu wewe uliona haya?"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

Lilikuwa jibu fupi na lilimuuma kuliko yote aliyowahi kutafsiri. Mwalimu akafunga kitabu. "Basi shemeji, kaa. Kaa ufanye kazi."

Binti akakigeuza kiti, akakifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akakisogeza mezani, akakaa. Akachukua bisibisi. Mto wa kiti ulikuwa bado na bonde pale alipokuwa akikaa mumewe. Alikaa hivyo kidogo, bisibisi mkononi, redio mbele yake haijaguswa. Kisha akainuka, akakirudisha kiti ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa kiti. "Siwezi, Baba," akasema. "Bado." Akalia.

Mwalimu alikodoa macho. Akamnong'oneza mzee: "Sasa hii ni mila, au si mila?"

Swali lilelile la Daktari. Mdomo akamshika mkono. "Anamlilia mumewe, Mwalimu," akasema. "Twende nje, tumwache."

Nyumbani kwake, kiti cha mkewe kilikuwa bado kinatazama ukuta. Mwaka wa kitabu ulishapita zamani, huu ulikuwa wa sita, na hakuna aliyemkataza kukigeuza. Alikiacha kwa kuwa na yeye alikuwa hawezi kukiona kitupu. Hakuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi yake alikibeba kichwani, mtaa kwa mtaa, akasimama kupumzika mara mbili. Alikitua mbele ya meza ya redio na kupachika mito miwili juu yake ili kifikie meza. "Kaa hapa," akamwambia binti yake. "Cha mama yako."