Kaseti ya Bei Iliyoshuka

Mimi ni fundi wa redio, na sikuja hapa kuungama. Nataka tu kusema habari za Munyi jinsi zilivyokuwa, kwa sababu watu wa Embu wanazisema vibaya. Wanasema alirukwa na akili baada ya kupunguzwa kazi. Uongo mtupu. Munyi alikuwa na akili timamu kuliko wengi wanaomcheka.

Alikuwa karani wa serikali kwa miaka kumi na tisa. Mwaka wa tisini na nne wakampa barua, wakampa na hela kidogo za kumuaga. Asubuhi iliyofuata alivaa koti lake la kijivu, akaweka kalamu mbili mfukoni, akatoka mtaa wa Dallas alikokuwa akiishi na kuja mjini kama kawaida. Tofauti ni kwamba hakupinda kuelekea ofisini. Alipinda kuja kwenye kibanda changu karibu na soko, akaketi kwenye stuli ya wateja na kusoma gazeti langu. Alilisoma lote, hata matangazo ya vifo, halafu akalikunja vizuri kuliko nilivyolinunua. Nikawa namwita Karani, naye ananiita Fundi, na tukaishi hivyo miaka mitatu.

Mke wake aliitwa Lydiah. Katika mtaa wa Dallas kila mwanamke ni mama fulani, Mama Purity, Mama Munene, lakini yeye alibaki Lydiah tu. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba na hawakupata mtoto. Hospitali walienda, maombi waliombewa, na dawa chungu za miti walikunywa wote wawili. Munyi naye alizaliwa peke yake kwa mama yake, huko chini Mbeere kwenye joto, na hapo ndipo kidonda kilipokuwa.

Kwetu majina hayachaguliwi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, wa pili la baba ya mke. Msichana wa kwanza ni mama ya mume, wa pili ni mama ya mke. Ukipata mjukuu mwenye jina lako tunasema umezaliwa, na mzee aliyezaliwa hana tena haraka wala hofu ya kufa. Mama yake Munyi, Igoki, alikuwa amepita miaka themanini na hajazaliwa. Kila Krismasi walipompelekea sukari na blanketi alimshika Lydiah mkono na kumuuliza, bila ubaya wowote, "Nitazaliwa lini?"

Sasa nije kwenye kaseti. Pamoja na kutengeneza redio, nilikuwa nauza zile kaseti za gemu za kuchomeka kwenye mashine na kuchezea kwenye TV. Za mpira na za ndege za vita zilikuwa zinaisha kabla sijazitoa vumbi. Lakini moja ilinikalia dukani miaka miwili. Ilikuwa ya watu wanne wenye panga na majoho wanaosafiri kutafuta mnara, na njiani wanapigana na mazimwi, wanaingia mijini, wanaongea na watu. Maongezi yenyewe ni Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye vibanda vya kuchezesha gemu hawakuitaka hata kuiona. Wao hutoza kila mchezaji anapokufa na kuanza upya, na mtu wa kaseti hii anaweza kukaa wiki nzima bila kufa, anazungumza na muuza mkate.

Nikaandika kwenye kipande cha kadibodi: BEI IMESHUKA. Hakuna aliyekuja. Mwezi wa saba, mwaka wa tisini na saba, nikaandika: BEI IMESHUKA TENA, nusu ya nusu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kushusha bei ambayo sikuiandika kwenye kadibodi. Ndani ya kaseti ile kulikuwa na betri ndogo ya duara, kama ya saa. Betri hiyo ndiyo iliyokuwa inakumbuka. Ukizima mashine, yenyewe inashikilia majina ya wasafiri wako na mahali walipofika. Nilikuwa nimeifungua siku moja na kuipima kwa mita, na mshale ulipanda kidogo tu kama mtu anayeinuka kitandani akiwa mgonjwa. Betri mpya ya aina hiyo nilikuwa nayo, kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo chini ya meza. Sikuibadilisha. Nilijiambia nani atainunua hata hivyo.

"Karani," nikamwambia Munyi siku hiyo, kwa utani, "wewe ndiye mtu peke yako Embu nzima mwenye wakati na Kiingereza cha hii kitu."

Alicheka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasema nimwekee aone. Nikaichomeka kwenye TV yangu ya majaribio. Muziki ukalia, mnara ukatokea, halafu kioo kikawa cheusi na nafasi nne zikajipanga juu chini: wape majina wasafiri wako.

Munyi aliacha kucheka. Aliziangalia zile nafasi kwa muda mrefu, mpaka nikadhani mashine imekwama. Kisha akaanza kuandika, herufi moja moja, kwa uangalifu wa karani. Kivuti. Mbogo. Igoki. Wanjugu.

Mimi ni Muembu na nina watoto sita. Sikuhitaji kuelezwa. Kivuti alikuwa baba yake, marehemu. Mbogo na Wanjugu ni wazazi wa Lydiah. Alikuwa amewaandika kwa utaratibu, kama angewapeleka kubatizwa. Nilitaka kusema neno la utani nikauma ulimi.

"Nafasi ni nne," akasema bila kugeuka. "Walijuaje?"

"Ni gemu tu, Karani."

"Na ukizima, haya majina yanabaki?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza. Nilikuwa nimekaa naye miaka mitatu, nimekula naye mandazi, na jibu la kweli lilikuwa na maneno machache sana. Mkebe ulikuwa pale miguuni pangu.

"Yanabaki," nikamwambia. "Iko na betri ndani."

Akanunua kaseti na mashine ya mitumba niliyokuwa nayo, akavifunga kwenye gazeti na kwenda zake. Kwa wiki mbili sikumwona.

Aliyekuja ni Lydiah, amefura. "Fundi, umemfanyia nini mzee wangu? Mtu mzima na koti anashinda akibonyeza vidude kama mtoto wa nasari!" Nikamwomba msamaha huku nikificha kicheko. Alinitukana vizuri, akaondoka. Baada ya mwezi akarudi, mara hii mbio mbio, na kiondo mkononi. "Fundi, Igoki ameumwa na nyoka kwenye pango. Anageuka rangi ya kijani. Hiyo kitu iko na dawa?"

Nikamwelekeza duka la dawa liko mji gani. Akashukuru kwa moyo wote.

Nilienda kwao Jumamosi moja wakati wa zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka, na niliyoyaona yalinigusa. Walikuwa wamekaa kwenye kochi moja, Munyi akibonyeza, Lydiah akimsomea maneno kwa sauti kwa sababu alikuwa na macho mazuri zaidi. "Usimtangulize Mbogo, yeye ni mdogo," Lydiah alimkaripia. "Mpeleke Kivuti mbele." Jirani yao mmoja aliwahi kuniambia kwamba kabla ya hapo nyumba ile ilikuwa kimya kama ofisi siku ya Jumapili. Sasa walikuwa wakibishana kama wazazi wengine wote: nani avae nini, nani ameumia, nani anampendelea nani. Nilikunywa chai nikaondoka mapema. Ningeweza kusema siku hiyo, "Karani, nipe hiyo kaseti dakika tano." Nilifikiria kusema. Lakini nilipofikiria ataniuliza kwa nini sikusema mwanzo, nikanyamaza.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata Igoki mwenyewe, mama yake Munyi, aliletwa kutoka Mbeere awe karibu na hospitali. Alikuja na mfuko wa ndengu na kifua kilichojaa maji. Madaktari walimrudisha nyumbani Dallas, na sote tunajua maana ya kurudishwa. Usiku wa kwanza alimwambia mwanawe kwa Kimbeere, "Basi nitakufa bila kuzaliwa."

Munyi angeweza kunyamaza. Mtu yeyote mwingine angenyamaza. Lakini alikuwa amekaa na majina yale miezi saba na yalikuwa yamemwingia damuni. Akamwambia, "Mama, kuna mahali umezaliwa. Jumapili nitakuonyesha."

"Ulimwambia nini?" Lydiah alimfokea jikoni. Alinisimulia mwenyewe. "Mama atafikiria ni mtoto! Utamwonyesha TV?"

"Anajua kusoma jina lake," Munyi akajibu.

Na hiyo ilikuwa kweli. Miaka ya themanini, watu wazima walipokuwa wakifundishwa kusoma chini ya ule mpango wa gumbaru, Igoki alienda masomo kwa mwaka mmoja. Alitoka na neno moja tu alilolijua kwa hakika, nalo ni jina lake. Munyi alikuwa amepanga kila kitu. Msafiri Igoki alikuwa amefika mji mkubwa wa milimani, amevaa joho jekundu, na kila mtu wa mji ule ukikutana naye alikuwa anasema, karibu, Igoki. Jina lingetokea kwenye kioo mara kumi, mara ishirini. Mama angelisoma mwenyewe. Angeona kwamba kuna mahali anapoitwa, na watu wanaitika.

Nilialikwa Jumapili hiyo, nihakikishe mashine haileti shida. Walikuwa wamemvalisha mama nguo ya kanisani na kumkalisha kwenye kochi na mito miwili mgongoni. Alikuwa mdogo sana. Kabla hatujaanza aliomba maji, akasukutua kinywa, na nikaelewa. Alikuwa anajiandaa kubariki. Mzee wetu akibariki mtoto humtemea mate kidogo kifuani, na kinywa lazima kiwe safi.

Munyi akawasha. Muziki ukalia. Mnara ukatokea.

Kisha kioo kikawa cheusi, na nafasi nne zikajipanga juu chini, tupu: wape majina wasafiri wako.

Munyi alizima, akawasha tena. Nafasi nne, tupu. Akachomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Tupu. Lydiah alijifunika mdomo kwa leso. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Liko wapi?" mama akauliza. Alikuwa ameinama mbele, macho ameyakaza kwenye kioo, anatafuta neno lake. "Silioni."

"Ngoja, mama. Ngoja kidogo." Munyi alichukua kile kidude cha kubonyeza. Akaanza kuandika. Hakwenda kwa utaratibu mara hii, alienda moja kwa moja nafasi ya tatu. I. G. O. K. I. "Hili hapa, mama. Umeliona?"

Mama alilisoma. Niliona midomo yake ikilitamka. Kisha akamwangalia mwanawe, akaangalia kile kidude mkononi mwake, akaangalia tena kioo.

"Kumbe ni wewe unayeliandika," akasema. "Hata mimi nilikuwa naliandika hivyo kwenye kibao. Jioni mwalimu anafuta."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alimeza mate aliyokuwa amemtayarishia mtoto, akampapasa Munyi kichwani kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka, akaomba apelekwe kulala. Lydiah alimwinua. Munyi alibaki amepiga magoti mbele ya TV na jina moja na nafasi tatu tupu, na mimi nikachukua kofia yangu nikatoka kama mwizi.

Igoki alikufa Alhamisi. Tulimzika kwake Mbeere, kwenye udongo mwekundu mkavu hata baada ya mvua zote zile. Mchungaji alisoma orodha ya aliowaacha, na ilisomwa ikaisha kabla watu hawajakaa vizuri.

Wiki mbili baadaye Munyi alikuja kibandani. Koti la kijivu, kalamu mbili. Akaweka kaseti juu ya meza yangu na kusema hawaihitaji tena. Hakudai hela zake.

Alipoenda choo cha soko niliifungua. Niliyeyusha risasi ya viungio, nikang'oa betri ile mfu, nikatoa mpya kwenye mkebe wa Kimbo na kuichomelea. Nilitazama saa ya ukutani. Ilinichukua dakika nne.

Aliporudi nilimwambia, "Karani, nimeitengeneza. Sasa itakumbuka miaka kumi. Chukua, ya bure."

Akaiangalia bila kuigusa. "Tuanze tena kuwazaa?" akauliza. "Lydiah hawezi, Fundi. Amesema hawezi kuwazika mara mbili."

Akaketi kwenye stuli yake. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama karani anayejaza fomu na amebakiza sehemu moja tu, "Fundi, betri ilikuwa inakufa. Ulijua?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu watatu sasa, wawili wana jina langu. Nimezaliwa mara mbili.

"Hapana," nikamwambia. "Sikujua."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua gazeti langu, akaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza.