Siku Nilifunga Kikwembe Juu ya Abacost

Bandugu, muanze kucheka kabisa, juu mi mwenyewe kucheka hii mambo inanishinda mpaka leo.

Wakati ya Zaïre nilikuwa mwanaume peke yangu mu gardienne moja ya mutaa ya Dilala, masomo ya batoto badogo (diploma yangu ya masomo ya mangaribi, ya kusoma jioni, ingali na harufu ya wino, kichwa yangu kubwa kupita barrage ya mayi ya Nzilo). Bazazi banasema: "Mwanaume wa kupangusa batoto makamasi? Iko na kitu." Mama Directrice, mukubwa wa masomo, akanivuta pembeni: "Citoyen Kalenga, muzazi mumoja tu akuje kulalamika, unatoka." Batoto bo, sababu mwalimu wa gardienne banamwitaka Mama, na mi bakaniita Mama Kalenga. Nikaitika.

Siku moja ka-Mukendi, mutoto mumoja wa darasa yangu, akashikwa na homa, moto ya kuivisha mukate. Nikamubeba kumurudisha kwao; kwao mbali, mikono ikachoka, nikaomba mama muuza-ndizi kikwembe yake ya kiuno, nikafunga mutoto ku mugongo, juu ya abacost, ile koti ya heshima ya banaume ya wakati ile, njo kuenda. Eh, bandugu! Avenue muzima ikatoka inje.

"Mama Kalenga, umezala lini?"

"Félicitations! Na maziba ya kunyonyesha iko?"

Bajeune, vijana ya avenue, bakafuata na ngoma ya mabidon, na mi mujinga nikacheza kidogo, sababu mutoto alianza kucheka kule nyuma.

Njo vile tulifika kwao, na ngoma. Baba yake, muntu wa mine ya shaba, wa kazi ya usiku, akaamuka na makelele, akatoka na singlet. Homa hakuuliza.

"Fungua mutoto wangu."

"Tata Mukendi, mutoto anagonjwa..."

"Nasema fungua! Mwanaume gani anabebaka mutoto wa bengine ku mugongo?"

Ngoma ikanyamaza. Fundo ikakatala kufunguka. Mama yake akakuja, akanyoosha mikono. Ka-Mukendi akakamata kola yangu na nguvu, akalia: "Mama! Mama!"

Mama yake alikuwa pale mbele yake. Haikuwa yeye anaitwa.

Hapo hakuna muntu alicheka tena.

Kesho yake Tata Mukendi akalalamika, Mama Directrice akanitoa, bakanitupa ku sixième, darasa ya sita, kwa batoto benye ndevu kunipita. Homa iliisha, nilisikia kwa bantu tu. Lakini dirisha yangu inaangalia cour, kiwanja ya gardienne, na kila récréation, saa ya kucheza, ule mutoto anasimama ku waya ya kuzunguka cour, anaita: "Mama Kalenga!"

Niliapa kikwembe sitafunga tena. Nikageukia tableau, chaki ku mukono, nikaandika, nikaandika, mpaka akachoka kuita.