Dada Aligoma Kunyanyua Mguu

Dada yangu alianguka sokoni asubuhi, akiwa amesimama nyuma ya meza yake ya samaki wadogo wa ndagala, kopo la kupimia likiwa mkononi. Wauzaji wenzake walidhani ameteleza. Walipomwinua, mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja na maneno hayatoki. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, nikishona nguo za harusi. Mtu alipokuja kuniita nilikimbia na tepu bado inaning'inia shingoni.

Hospitali walisema ni tansiyo, shinikizo la damu. Lilikuwa limepanda kwa muda mrefu bila mtu kujua, mpaka mshipa wa kichwani ukaziba. Daktari aliniuliza kama dada amewahi kupimwa. Nikamjibu kwamba dada yangu hakuwa mtu wa kuumwa, na kweli ndivyo sote tulivyomjua. Alibeba magunia mwenyewe. Aligombana na madereva wa malori yaliyotoka Gatumba hadi wakamshushia mzigo wake kwanza. Alikula amesimama kwa sababu wateja hawasubiri, na kichwa kikimuuma alimeza kidonge cha dukani akaendelea kupima samaki.

Alipotoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vimepooza, nilimleta kwangu. Nyumba yake ya Carama ilikuwa mbali, na watoto wake wameshakuwa watu wazima, kila mmoja ana kwake. Mume wangu alimwachia chumba chenye dirisha, akapigilia ubao ukutani ili dada apate pa kujishikia.

Mara moja kwa wiki alikuja mwanamke mmoja wa Bukavu aliyesomea kazi ya kunyoosha viungo. Tulimwita kine, kama watu wa hapa wanavyowaita wote wa kazi hiyo. Alimfundisha dada kunyanyua mguu akiwa ameketi, kisha kusimama kwa kushika kiti, kisha kutembea hadi getini. Akaniambia wazi kwamba yeye anakuja kuonyesha tu, kazi yenyewe ni ya kila siku, na ni yetu. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya swala, kabla sijakwenda kushona, nilimshika dada chini ya kwapa tukaenda hadi getini na kurudi, yeye akiburuta mguu, mimi nikihema.

Kuhema kwangu ndiko alikokuona. Siku moja tuliporudi niliketi kabla yake, kichwa kinagonga, nikafunga macho kidogo. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, ingawa polepole. Akaniuliza nimepimwa lini tansiyo. Nikacheka, nikamwambia nitakwenda kazi ikipungua.

"Kazi yako ilipungua siku gani?" akauliza.

Nikainuka nikaenda, nilikuwa nimechelewa. Kesho yake nilimweka kwenye kiti, nikachuchumaa mbele yake kama kawaida na kumwambia tuanze. Hakuanza. Alikaa, mkono mzima juu ya paja, ananitazama.

"Mi sinyanyui hii mguu mpaka na we wakupime," akasema.

Nilidhani ni utani wa siku moja. Kine alipokuja, dada alimkatalia na yeye. Yule mama alitusikiliza wote wawili, akafunga mkoba wake, akasema mgonjwa halazimishwi, tukimaliza ugomvi wetu tumpigie. Nilimbembeleza dada. Nilimkumbusha kwamba mguu usipofanya kazi utakakamaa. Mwishoni nilikasirika, nikamwambia nachelewa kazini kila siku kwa ajili yake na yeye ananifanyia hivi. Alinisubiri nimalize.

"Ukianguka na we," akasema, "nani atanishika mukono?"

Siku ile sikufungua cherehani. Nilikwenda kituo cha afya kwa mguu, nina hasira bado, nikapanga foleni na wanawake wenye watoto wachanga. Muuguzi alinipima mkono mmoja, akapima wa pili, akaniambia nikae nje nitulie, akanipima tena. Ilikuwa juu. Hakunifokea. Aliniuliza nashindaje. Nikamweleza: nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi magharibi, chai yenye sukari nyingi na maandazi palepale kwenye mashine, usiku bugali na mchuzi ambao nautia chumvi kabla hata sijauonja. Nilipokuwa nayasema hayo kwa sauti yangu mwenyewe nilimwona dada nyuma ya meza yake ya samaki, anakula amesimama.

Aliniandikia vidonge. Akasema nipunguze chumvi, nitembee kila siku, nisikae kitini bila kuinuka, na nirudi kupimwa, hata nikijisikia mzima. Hasa nikijisikia mzima, akarudia. Kisha nikaenda nyumbani nikamwambia dada yote. Akavuta pumzi na kuanza kunyanyua mguu.

Tangu hapo tulikuwa wagonjwa wawili katika nyumba moja, na yeye ndiye aliyesimamia. Chumvi aliiweka chumbani kwake. Mume wangu alilalamika kwamba samaki wetu wa mukeke siku hizi hana ladha, dada akaagiza ndimu na pilipili, na mlalamikaji akazoea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeumia zaidi, maana samaki wa chumvi alikuwa chakula chake cha maisha yote. Nilimwona mara nyingi akisogeza sahani kwa huzuni, kisha anairudisha na kula.

Mimi niliacha kupanda basi kwenda kununua vitambaa. Sitajisifu sana kwa hilo, mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini na nusu ya Bujumbura ilikuwa barabarani kwa miguu. Lakini hata basi lilipopatikana nililiacha lipite. Kwenye cherehani nilijiwekea sharti: nguo ikiisha, nainuka, nanyoosha mgongo, naenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Mafundi wawili tunaoshona nao baraza moja, wanaume wote, walisema napima urefu wa barabara ili niishonee suruali. Nilicheka nao, nikaenda.

Ilikuja Ramadhani, na siku za mwisho kabla ya Idi fundi hana pumzi. Kanzu, madera, nguo za watoto, kila mtu anataka yake na kila mtu anasema ni ya haraka. Kwanza niliacha kuinuka kila nguo ikiisha. Kisha niliacha kutembea na dada asubuhi, nikamwambia tutafidia baada ya sikukuu. Vidonge nilimeza wakati wa daku, kama muuguzi alivyonielekeza, na nikajiambia vinatosha.

Alasiri moja nilisikia mafundi wenzangu wamenyamaza, mashine zao zimesimama. Nikainua kichwa. Dada alikuwa amesimama mbele ya baraza, peke yake, fimbo mkononi, jasho limelowesha mtandio. Tangu aanguke hakuwahi kutoka getini bila mtu. Kutoka kwangu hadi pale kuna barabara za kuvuka, mifereji, baiskeli, watu wasiotazama mbele. Nilitaka kumkimbilia, akanizuia kwa fimbo.

"Inuka," akasema.

Nikamwambia nguo ni nyingi, nimefunga, nguvu sina.

"Umefunga chakula. Miguu hukufunga."

Mafundi walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu yeye hakucheka. Niliinuka. Nilimshika mkono, au yeye alinishika, tukaenda polepole hadi mwisho wa mtaa. Njiani nililia kidogo, kwa kumwogopea na kwa furaha pamoja, na yeye alijifanya hakuona. Tuliporudi, mmoja wa mafundi alikuwa amesimama anazungusha mabega yake. Alisema yanamuuma tangu mwaka jana. Nguo zote ziliisha kabla ya Idi, isipokuwa kanzu moja ambayo mwenyewe alikuja kuichukua sikukuu yenyewe asubuhi, akanuna, akaivaa.

Mkono wa kulia wa dada haukurudi. Meza ya sokoni aliiacha kwa mke wa mwanawe, na najua jambo hilo linamuuma kuliko anavyosema. Tansiyo yangu imeshuka. Muuguzi aliniambia kushuka si kupona, vidonge viendelee na miguu iendelee. Mafundi wale wawili nao wamepimwa. Mmoja ni mzima, mwingine ameacha sigara, au anasema ameacha.

Jumapili tunakwenda barabara kubwa wakati vikundi vya wakimbiaji vinapita, vijana na watu wa ofisini, wanakimbia wakiimba na kupiga makofi. Mara ya kwanza niliona aibu, wanawake wawili wa mtandio, mmoja ana fimbo, nyuma ya jeshi lile la viatu vya raba. Dada aliniuliza kama nimekuja kuwatazama au kutembea. Wakatupita, wengine wakatupungia. Tukashika ukingo wa barabara, mguu wake mzima mbele, ule mwingine nyuma, tukaendelea.