Siku Walipogawa Nguo za Dada Skola

Enzi zetu pale Ifakara, mchezo wa televisheni ulikuja kwa treni. Sitanii. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, matangazo ya televisheni hayajatufikia. Mzee Seif, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na mdogo wake Dar es Salaam aliyerekodi vipindi kwenye kanda na kuwapa abiria wamletee. Kanda ikifika, Jumapili mchana tukitoka kanisani tulijazana uani kwake, baiskeli zimeegeshwa mpaka barabarani, harufu ya vitumbua imechanganyika na ya mafuta ya nazi tuliyopaka vichwani, na ole wake atakayekohoa.

Mchezo wenyewe uliitwa Kwa Mzee Sufuria. Uliendelea miaka na miaka. Nilianza kuutazama nikiwa darasa la tatu, nikamaliza sekondari bado Mzee Sufuria anagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi. Vijana wa leo wakiona sehemu sita tu wanasema imechosha. Sisi tuliutazama kwa moyo wote, tena familia yetu zaidi, kwa sababu Siwema, yule hausigeli aliyemjibu bosi wake bila woga, alikuwa dada yangu wa damu, Skola.

Basi ikaja kanda moja, mavuno ya mpunga yanakaribia. Tumekaa tunasubiri kucheka, tukamkuta Mama Sufuria kaketi chini analia. Siwema amefariki. Homa tu, ghafla, wala hatukuonyeshwa akiumwa. Halafu wakafungua begi lake na kuanza kugawa nguo, kama tufanyavyo msiba ukifika mwisho: gauni kwa huyu, sweta kwa yule, kanga kwa mwingine.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mbele kabisa, juu ya kigoda. Akasimama.

"Ile kanga nilimpa Skola mwenyewe," akasema, "siku anapanda treni."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa ile ya kahawia, yenye alama ya kuungua pasi kwenye pindo. Na gauni lilikuwa lake la kipaimara, na sweta alilifuma mama.

"Mama, huo ni mchezo," baba akamwambia.

"Mchezo ni maneno. Nguo za mtu mzima wa afya zinagawiwa wapi? Nani angekubali kumtabiria mwenzake kifo namna hiyo?"

Kwetu kweli hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mzee Seif alizima deki bila kuambiwa.

Tatizo ni kwamba barua ya Skola ilikuwa haijaja kwa majuma mengi. Baba akaenda posta kupiga simu kwenye duka lililo jirani na alikopanga. Ikaita mpaka ikakatika. Bibi akatandika mkeka uani, akakaa. Hakula zaidi ya uji. Baba alikataa katakata kutangaza msiba bila taarifa, lakini majirani walianza kupita mmoja mmoja, "Tumekuja tu kuwasalimu," wakikaa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Mama alipepeta mchele uleule mara tatu. Mimi niliogopa kitanda tulichokuwa tukilalia na dada, nikahamia kwa bibi. Siku ya tisa baba akasema basi, anakwenda Dar kumtafuta mwanawe, akiwa hai au vyovyote vile.

Mimi na mama tulimsindikiza stesheni. Treni ya kutoka Dar ikatangulia kuingia, na mtu wa tatu kushuka alikuwa Skola, begi kichwani, kanenepa kidogo, anatafuna muwa.

Mama alikaa chini palepale kwenye kokoto. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele za watu, alicheka na kulia kwa pamoja mbele ya stesheni masta. Mimi nilitimka nyumbani kumwambia bibi.

"Usinitanie msibani," bibi akanikaripia.

Haukupita muda, ikasikika: "Hodi! Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Aliinuka, akamshika mkono, akamfinya kwa nguvu zake zote.

"Uwii, bibi, unaniumiza!"

"Marahaba," akasema bibi, ndipo akalia.

Yaliyokuwa nyuma ya mchezo tuliyasikia shambani, mundu mkononi. Skola alikuwa ameomba ruhusa ya miezi miwili aje kuvuna, kwa sababu kwetu mavuno hayakosi mtu. Mwongozaji akanuna, mwandishi akaona njia rahisi ni kumuua Siwema. Mavazi hayakuwa na fungu, kila mwigizaji alikuja na nguo zake, kwa hiyo waligawa za Skola kwa kuwa hazikuwepo nyingine. Jioni yeye mwenyewe alizikusanya moja moja akaenda kuzifua. Machozi ya Mama Sufuria yalikuwa kitunguu. Chai ya Mzee Sufuria ilikuwa maji na sukari iliyounguzwa. Na ule ukuta wa sebuleni ulikuwa ubao mwembamba, ndiyo maana katika ugomvi wote ule hakuna aliyewahi kubamiza mlango. Barua yake alimpa abiria mmoja, naye akapitiwa na usingizi mpaka Mlimba, stesheni za mbele ya kwetu, nayo ikapotelea huko.

Tulicheka mpaka ndege wakaruka. Bibi peke yake hakuridhika.

"Sasa wakuue kwa nini? Wangesema tu umekwenda kuvuna, nani angeuliza?"

Skola aliporudi Dar walimwingiza tena kama pacha wa marehemu. Bibi aligoma kumtazama, akasema huyo hamjui.

Siku hizi mwigizaji akifa kwenye tamthilia, kabla hajafukiwa ameshajipiga picha anakula chipsi. Binti yangu ananisogezea simu: "Mama, usilie, mzima huyu. Mkataba wake tu umeisha." Wamerahisishiwa, na nashukuru, siku tisa zile simwombei mtoto yeyote. Lakini nikimwona anacheka, kisha anasogeza kidole kwenda kwenye picha nyingine, huwa namhurumia kidogo. Hajawahi kurudishiwa mtu.