Kidole cha Bu Haji Rokhayah

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne. Hapana, nakosea, ni kumi na sita, maana kumi na nne nilikuwa bado nina baiskeli, na siku hiyo tulikwenda kwa miguu dukani kwa Ko Hengky, Kaka Hengky wa kompyuta, mimi nikiwa nyuma nimebeba mwavuli wa Bu Haji.

Bu Haji Rokhayah, na Bu kwetu ni Mama, ameuza batiki hapa mjini Pekalongan tangu ujana wake, na mtaji wake mkubwa ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Akiletewa kitambaa hufumba macho, hukipapasa mara moja, hutoa hukumu. Cha daraja la juu ni primisima, kinachofuata ni prima, na kile kinachosinyaa kabla ya Idi hakihitaji jina. Wachuuzi wenzake walikuwa wakisimama kando wakingoja apapase kwanza, ndipo nao wanunue. Na kidole kile hakijawahi kurudi nyuma. Kikishasema, kimesema.

Shida ni kwamba hakikuishia kwenye vitambaa. Kilipapasa samaki, kilipapasa mikeka ya msikiti, na kijana mmoja aliyekuja kumposa binti yake mkubwa alishikwa kiganja, akaambiwa, "Prima, ila mshono umelegea." Kijana akaenda kuoa mji wa jirani, Tegal.

Mwaka ule binti mdogo, Widuri, alipata nafasi ya kusomea uchoraji wa nakshi za vitambaa huko Bandung. Siku hizi nakshi huchorwa kwenye kompyuta, na chuo kilimtaka awe na laptopu yake mwenyewe. Bu Haji akakubali kununua moja, mara moja, basi. "Ikifa, utachora kwa nta kama bibi yako," alisema, na hakuwa anatania.

Ko Hengky alipanga mezani mashine mpya tatu, akaanza kueleza kasi na kumbukumbu. Bu Haji alimwacha aseme kama redio ya jirani. Akafumba macho, akapapasa kile kibao kilicho chini ya vitufe, ambacho watu hukisugua kwa kidole ili mshale utembee.

"Hii inakwaruza."

"Ni mpya, Bu Haji."

"Nguo mpya nayo hukwaruza ikijazwa wanga ili ionekane nzito. Na hii inanata kama yule kijana wa Tegal. Nyingine."

Zote tatu zikafeli. Kisha mkono wake ukaangukia laptopu ya nne, iliyokuwa pembeni karibu na kikombe cha kahawa. Akarudia kupapasa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hii ni primisima. Mbona ulinificha, Ko?"

"Hiyo ni yangu mwenyewe, Bu Haji. Nina mwaka wa tano nayo. Ilikuwa inakwaruza kama hizo, nimeilainisha mimi kwa kidole changu."

"Basi imefuliwa miaka mitano na haijachanika. Hicho ndicho ninachonunua. Nguo isiyowahi kufuliwa utaijuaje?"

Kwa batiki alikuwa sahihi. Hakuna kitambaa kinachogombaniwa kama kile cha zamani, kilicholainishwa na maji ya watu wengine. Lakini Widuri aliiwasha ile mashine, akaweka mchoro wake. Mshale ukasogea kidogo, ukaganda. Feni ikaanza kulia kama mbuzi.

"Mama, hii itakufa kabla basi la Bandung halijafika Cirebon, nusu ya njia."

"Nani amekusomesha, macho yako au kidole changu?"

"Mama, nakuomba."

"Kimeshasema, mwanangu. Na huyu mzee amesikia. Kabla ya magharibi soko zima litajua."

Hapo alinionea. Ningewaambia watu wachache tu.

Adhana ya adhuhuri ikamwita Bu Haji msikitini ng'ambo ya barabara. Widuri alibaki ameinamia meza, machozi yanadondoka kwenye vitufe, na basi la Bandung lilikuwa la jioni ile ile. Ko Hengky akamtazama, akaitazama mashine yake, kisha akachukua moja ya zile mpya akazigeuza zote mbili kifudifudi.

"Kampuni ni moja," alisema. "Wamebadilisha matumbo, umbo ni lile lile. Widu, nishikie skrubu. Wewe Mzee, tazama barabarani."

"Nitazame nini?"

"Tazama tu. Na mdomo wako utazame huko huko."

Bamba la juu la mashine ya zamani, lenye kile kibao na alama ya duara ya kikombe, likahamia kwenye matumbo mapya. Lile jipya likabaki kwa Ko Hengky. Alilijaribu, akakunja uso. "Linakwaruza kweli," akanong'ona.

Bu Haji alirudi uso wake ukiwa bado na unyevu wa udhu. Akafumba macho, akapapasa. "Ndiyo hii." Halafu akafumbua macho, akaifunga, akapitisha kidole taratibu juu ya mfuniko, ambao ulikuwa bado ule mpya. Feni ilikuwa kimya. Widuri alikuwa amebana pumzi. Bu Haji akainama akainusa, kama anavyonusa nta kwenye kitambaa ajue kina umri gani.

Akamtazama binti yake. Akanitazama na mimi, tena kwa muda mrefu zaidi.

"Umeona, Mzee? Kidole hakikosei," alisema. "Ko, funga."

Akalipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo.

Widuri alimaliza masomo kwa mashine hiyo. Wenzake walikuwa wakimwomba wakiguse tu kile kibao, wakimuuliza ni kampuni gani ya gharama inayotengeneza kitu laini namna ile. Ko Hengky hadi leo anasugua chake, anasema bado kina wanga. Na sokoni kidole kikapanda cheo, maana habari niliipeleka mimi mwenyewe, nzima, nikaacha tu ile sehemu niliyokuwa nikitazama barabarani.

Kila nikikaa na Bu Haji barazani kwake namuuliza, naye hunisogezea sahani ya tempe, ile soya yetu ya kukaanga. Bu Haji, siku ile ulipoinama pale mezani, ulinusa nini?