Mahari na Chupa ya Maji ya Kijani

Mimi niliyeishia darasa la nne na bado nikamiliki malori mawili nilikuwa naamini hakuna kitu duniani cha kunishangaza, na ndiyo maana aibu niliyoipata pale nyumbani kwangu Makole, mbele ya washenga, hadi leo inanichoma masikio. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, karanga za Kibakwe zimenitajirisha (sijisifu, nasema ukweli), basi mwalimu Elia, kijana wa sayansi, alipokuja na washenga kumposa binti yangu Neema nikamtajia ng'ombe kumi na wawili, na mshahara wake wa mwalimu haununui hata mkia.

Alipokwenda kunawa kwenye pipa la uani, akaona utelezi wa kijani, nikamwambia asijali, nitalihamishia stoo, gizani ule ukijani utakufa.

"Baba, huo ni mwani," akasema kwa adabu. "Mahindi yanaandaa malighafi ya ukijani, lakini hatua ya mwisho yanasubiri mwanga. Mwani una njia nyingine, unaimalizia hata gizani."

"Kijana, nimefunika majani kwa debe tangu hujazaliwa! Bila jua hakuna kijani!" Ulimi ukateleza: maji yakitoka meupe gizani, anaongeza ng'ombe wawili, yakitoka ya kijani, napunguza nusu. Neema akaondoka amenuna (alijua Elia hana hata hao wa kwanza, na harusi inaota mbawa).

Elia akachemsha maji, akayapooza, akatia chakula cha mwani, yaani sukari na mbolea kidogo, na tone moja la ule utelezi. Yakabaki maangavu kama ya kunywa. Nikaifungia chupa kwenye sanduku la bati pamoja na kopo la mahindi niliyoyapanda yawe shahidi wangu, ufunguo nikauvaa shingoni mwenyewe.

Wiki mbili baadaye washenga wakarudi, nami nikavaa shati jeupe jipya, nikaita na majirani. Nikatoa kwanza mahindi: yamechipua ya njano, yamepauka kama wagonjwa! "Mnaona?" nikacheza kidogo. Nikainua chupa juu bila kuitazama, mara watu wakaziba midomo. Kijani tupu! Nikaitikisa nikidhani macho yananidanganya, kizibo kikaruka, maji yote kifuani.

"Baba Neema," mke wangu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "na ufunguo si unao wewe?"

Elia akakimbia kunifuta kwa leso yake, "Pole, baba, pole sana," wala hakucheka (Neema alicheka kwa niaba yake), na hapo ndipo nilipompenda yule kijana. Siwekeani dau tena na mkwe juu ya kitu kinachoota. Hasara yangu, ng'ombe sita kwa bei ya mnada, pamoja na shati: shilingi laki tatu, elfu sitini na mbili na mia tano.